Sikio la Meli: Kazi ya Mpiga Simu ya Upepo katika Bahari Yetu

Mhadhara wa umma uliosomwa Buguruni, Dar es Salaam



Kwa idhini yenu nitanena juu ya kazi moja iliyozaliwa pamoja na karne ya ishirini na kuzikwa pamoja nayo, kazi ambayo umri wake wote haukuzidi umri wa mzee mmoja aliyejaaliwa kuishi sana, nayo ni kazi ya mpiga simu ya upepo melini. Yule kijana aliyeketi katika chumba kidogo karibu na daraja la nahodha, masikio yake yamefunikwa kwa vipokea sauti, mkono wa kuume umewekwa juu ya kibonyezo cha shaba, akipeleka na kupokea habari kwa nukta na mistari ya Morse, wala pasiwe na waya wa kumuunganisha na kiumbe yeyote duniani.

Huenda yuko atakayeuliza kazi hiyo ina mnasaba gani na Buguruni, mtaa usio na gati wala mnara wa taa. Jawabu langu ni kwamba malori yatokayo bandarini usiku na mchana hupita hapa kwa Barabara ya Mandela, na reli ya kati hupita hapa, na vitu vinavyouzwa kuanzia maduka ya Kariakoo hadi meza za soko letu, vitambaa na vyombo, ngano na sukari, aghalabu vimevuka maji kabla ya kutufikia. Na mji uliokula kutoka baharini muda wote huu unastahili kuwafahamu watu walioilinda bahari hiyo kwa masikio yao. Nasema kwa masikio yao kwa makusudi, maana hilo ndilo neno langu kuu. Waandishi wengi wamemsifu mpiga simu kwa ishara alizozipeleka saa ya hatari, nao wana haki. Lakini mimi nashikilia kwamba kazi yake hasa ilikuwa kusikiliza, na kwamba ishara yoyote, hata ipelekwe kwa ushujaa wa namna gani, thamani yake iliamuliwa na mtu wa upande wa pili, aliyekuwa macho au aliyelala, aliyekubali kusikia au aliyekatazwa.

Naanza na asili ya jambo. Guglielmo Marconi, Mtaliana aliyepata fedha na jina katika Uingereza, alifanya majaribio yake ya mwanzo mwaka 1895, na tarehe 12 Desemba 1901 akiwa Newfoundland akatangaza kwamba amesikia herufi S iliyopelekwa kutoka Cornwall ng'ambo ya Atlantiki. Lakini kabla ya hapo, mwaka 1900, Waingereza walipokuwa wakipigana na Makaburu, mitambo yake ambayo haikufanya kazi vema nchi kavu ilihamishiwa katika manowari zilizokuwa zikilinda Ghuba ya Delagoa, mahali ulipo leo mji wa Maputo, na huko majini ikafaa. Kwa hiyo bahari hii ya kwetu, ambayo majahazi ya Lamu, Unguja na Kilwa yalikuwa yakiizoea kwa kaskazi na kwa kusi tangu dahari, ilikuwa miongoni mwa bahari za mwanzo duniani ambamo meli zilisemezana bila ya bendera wala taa. Unguja yenyewe ilikuwa imekwisha kuunganishwa na Aden tangu mwaka 1879 kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Na tofauti ya vitu hivyo viwili ni kubwa, kwa sababu waya humfikia aliyewekewa waya, na sauti ya upepo humfikia kila mwenye chombo cha kuipokea.

Sifa hiyo ya kumfikia kila mtu haikuwapendeza wenye biashara. Kampuni ya Marconi haikuwauzia wenye meli mitambo, bali iliwakodisha mitambo pamoja na mtu wa kuitumia, na mtu huyo, ijapokuwa alikula na kulala melini na kumtii nahodha, mwajiri wake alikuwa kampuni. Nayo kampuni ilimwamuru asizungumze na meli wala kituo chenye mitambo ya watengenezaji wengine. Mwaka 1902 Prince Heinrich, ndugu wa Kaisari wa Ujerumani, akirudi kutoka Marekani ndani ya meli iitwayo Deutschland, alitaka kupeleka salamu za shukurani kwa Rais Roosevelt, na kituo cha Marconi hakikumjibu kwa kuwa mitambo ya meli yake ilikuwa ya Kijerumani. Wajerumani waliitisha mkutano Berlin mwaka 1903, na mwingine mwaka 1906, na katika mkutano huo wa pili ndipo mataifa yalipokubaliana kwamba kituo cha pwani ni lazima kizungumze na meli yoyote bila ya kujali mitambo yake, na kwamba ishara ya hatari iwe SOS kwa wote, tangu tarehe 1 Julai 1908. Mimi naliona azimio la Berlin kuwa tukufu kuliko ufundi wenyewe wa Marconi. Ufundi uliwawezesha watu kusikia kutoka mbali. Azimio liliwafanya wawajibike kusikia.

Sasa tumtazame kijana mwenyewe, maana kwa kweli alikuwa kijana. Aghalabu alianza kama mpiga simu za posta nchini kwao, mwenye mkono mwepesi, akavutwa na habari za safari. Akaingia katika shule ya kampuni, mathalani ile ya Seaforth karibu na Liverpool, akajifunza umeme na kanuni za mataifa, na baada ya miezi michache akatumwa melini. John Phillips, ambaye jina lake limekuwa mashuhuri kwa msiba, alipitia njia hiyo hiyo: alizaliwa mwaka 1887, akafanya kazi posta, akasoma Seaforth mwaka 1906, akatumika katika meli kubwa za Atlantiki na katika kituo cha Clifden huko Ireland, na aliposhika mitambo ya Titanic mwezi wa Aprili 1912 ndiyo kwanza atimize miaka 25. Msaidizi wake Harold Bride alikuwa na miaka 22. Katika umri ambao vijana wetu wengi hapa bado wanatafuta mwelekeo wa maisha, hao walikuwa wameshika amana ya roho za watu zaidi ya 2,000.

Mabaharia walimwona kuwa mgeni. Hakuwa na zamu ya sitaha, hakujua kushika usukani, hakuwa wa mashine wala wa jikoni, na bado aliijua siri ya kila mtu, kwa kuwa salamu za maharusi, bei za pamba na habari za mauti zote zilipita mkononi mwake, naye alikuwa amefungwa kwa kiapo asizitoe. Mitambo ya siku zile ilifanya kazi kwa cheche. Alipobonyeza, umeme uliruka kati ya vyuma viwili kwa kishindo kilichosikika hata nje ya mlango, na hewa ya chumba ikanuka. Alipoacha kubonyeza, ilimpasa kuchuja sauti hafifu kutoka katika vurumai, kwa sababu meli zote zilitumia karibu wimbi moja, lile la mita 600, na kila mmoja akimsemesha wake ilikuwa kama kusimama katikati ya soko la Kariakoo mkesha wa Idi na kutaka kuisikia sauti ya mtoto wako peke yake. Wapiga simu hodari walitambuana kwa mkono: kila mtu alikuwa na mwendo wake wa kubonyeza, na msikilizaji mzoefu alimjua mwenzake aliye umbali wa maili 200 kabla hajataja jina la meli.

Katika bahari za joto kama hii yetu palikuwa na taabu ya ziada. Radi za masika, hata zile zipigazo mbali sana bara, huingia katika mawimbi ya aina ile kwa mpasuko na mkwaruzo usiokoma. Na mtu aliyezoea bahari za Ulaya, alipoletwa katika mlango wa Msumbiji au maji ya Mafia, alilazimika kujifunza upya namna ya kusikiliza. Mchana sauti haikwenda mbali; baada ya magharibi ilipata nguvu na kuvuka mamia ya maili. Ndiyo maana usiku, saa ambazo mwili wa binadamu unadai haki yake ya kulala, ndizo zilizokuwa saa bora za kazi, na katika meli nyingi za mizigo mpiga simu alikuwa mmoja tu. Akilala yeye, meli nzima ilikuwa imeziba masikio.

Habari ya Titanic inajulikana, nami sitaisimulia yote, ila nataka mwitazame kwa upande wa sikio. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912 meli iitwayo Californian ilikuwa imesimama karibu, imezingirwa na barafu. Mpiga simu wake, Cyril Evans, kijana wa miaka 20, alijaribu kuwaarifu Titanic juu ya barafu hiyo. Phillips, aliyekuwa na rundo la salamu za abiria za kupeleka kituo cha Cape Race, alimkatiza na kumwambia anyamaze kwani yeye ana kazi. Evans akasikiliza kidogo zaidi, kisha, akiwa peke yake na siku yake ya kazi imekuwa ndefu, akazima mitambo akalala. Dakika chache baadaye, saa 5 na dakika 40 za usiku, Titanic ikagonga barafu. Phillips alipeleka ishara ya hatari mpaka dakika za mwisho kabisa, akafa, na ushujaa wake hauna shaka. Lakini aliyewaokoa watu zaidi ya 700 ni Harold Cottam, mpiga simu wa meli ya Carpathia, iliyokuwa mbali zaidi ya mara kadhaa kuliko Californian, na aliwaokoa kwa sababu alikuwa yu tayari kulala na bado hajavua vipokea sauti. Jambo dogo kiasi hicho ndilo lililopambanua uzima na mauti. Na serikali za dunia zilipokutana London na kutia sahihi mkataba wa usalama baharini tarehe 20 Januari 1914, sharti moja kubwa lilikuwa kwamba meli za abiria ziwe na mtu wa kusikiliza saa zote.

Kabla mkataba huo haujaanza kutumika, vita vikuu vya kwanza vya dunia vikaja, vikatufikia na sisi.

Wajerumani walikuwa wamekwisha kujenga vituo vya simu ya upepo hapa Dar es Salaam, na Mwanza, na Bukoba. Manowari yao, Königsberg, chini ya nahodha Max Looff, iliingia bandari yetu mwezi wa Juni 1914, ikashangiliwa na wenyeji waliokuja kuyatazama mabomba yake matatu. Tarehe 31 Julai ikang'oa nanga na kuzipotea manowari za Kiingereza zilizokuwa zikiivizia. Na tarehe 6 Agosti, katika maji ya upande wa Arabuni, ikaikamata City of Winchester, meli ya kwanza ya biashara ya Kiingereza kutekwa katika vita vile. Waingereza walijua vema ni kipi kilichoipa manowari moja uwezo wa kutumika peke yake katika bahari pana: tarehe 8 Agosti manowari Astraea ilifika mbele ya Dar es Salaam, na shabaha yake ya kwanza ilikuwa kituo cha simu ya upepo. Mlingoti wake ulianguka siku hiyo. Mizinga ya kwanza kusikika katika mji huu katika vita vile ilipigwa ili kuua sikio.

Tangu hapo Königsberg iliishi kwa kujificha. Mpiga simu wa manowari inayowindwa yu katika hali ya ajabu, kwani kila herufi anayoipeleka yaweza kusikiwa na adui na kumjulisha kwamba yupo karibu. Basi hukaa kimya mchana kutwa na usiku kucha akisikiliza mazungumzo ya wanaomtafuta. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 meli hiyo ilitokea Unguja, ikaikuta manowari Pegasus imetia nanga ikitengeneza mashine zake, ikaizamisha mbele ya macho ya mji. Mabaharia wa Pegasus waliokufa wamezikwa katika kisiwa kidogo cha Chapwani. Kisha Königsberg ikapotelea ndani ya matawi ya Rufiji, katika mikoko. Haikugunduliwa kwa mitambo ila kwa karatasi, maana mabaharia wa manowari Chatham walipopekua meli moja huko Lindi waliona maandishi yaliyodhihirisha kwamba makaa ya mawe yamepelekwa Salale, huko huko Rufiji. Na tarehe 30 Oktoba Chatham ikaiona milingoti yake juu ya miti.

Nawaomba mnivumilie hapa, kwa sababu kilichotokea Rufiji mwezi wa Julai 1915 ni katika mambo ya mwanzo ya namna yake duniani, na kilitokea mwendo mfupi tu kutoka hapa tulipoketi. Waingereza walileta meli mbili bapa zenye mizinga mikubwa, Severn na Mersey, ziwezazo kuingia katika maji haba. Lakini wapiga mizinga wake hawakuweza kuiona shabaha, kwa kuwa msitu wa mikoko ulikuwa kati yao. Macho yao ilibidi yawe angani, na njia ya kutoka angani hadi kwenye mzinga ilikuwa simu ya upepo. Tarehe 6 Julai walijaribu, wakashindwa, na Mersey ikapigwa. Tarehe 11 Julai ndege iliyoruka kutoka Mafia, ikiendeshwa na John Cull na kubeba mtazamaji Arnold, ilizunguka juu ya delta huku Arnold akibonyeza herufi chache za siri kwa kila kombora: limepita, limepungua, kulia, kushoto. Makombora yakasogea mpaka yakaipata Königsberg. Ndege nayo ikapigwa mashine, ikaanza kushuka. Na Arnold, ambaye kila mtu angemwia radhi kama angeshughulika na roho yake, aliendelea kuwarekebishia shabaha mpaka ndege ilipoanguka mtoni karibu na Mersey, wakaokolewa wote wawili. Walitunukiwa nishani, nami sina neno. Ila herufi zile za Arnold zingekuwa upepo mtupu lau ndani ya Severn asingekuwako mtu aliyeketi, mizinga ikiunguruma juu ya kichwa chake na meli ikitetemeka kila ilipofyatua, naye akachuja kutoka katika kelele ile herufi moja baada ya herufi. Mimi namhesabu huyo kuwa fundi mkubwa kuliko wote wa siku ile.

Wajerumani waliivunja meli yao wenyewe isije ikatekwa, wakaiopoa mizinga yake 10, nayo ikakokotwa nchi kavu kwa mikono na mabega ya Waafrika. Vita vikageuka kuwa vya miguu, na wapagazi wakafa kwa maelfu kwa njaa, kuhara na mzigo. Baada ya Waingereza kuuchukua mji huu mwezi wa Septemba 1916, kambi ya wapagazi hao ilikuwa pale palipo sasa Kariakoo. Mzinga mmoja wa Königsberg na mmoja wa Pegasus unaweza kuiona leo Mombasa, imewekwa mbele ya Ngome ya Yesu, maadui wawili pamoja.

Miaka iliyofuata naipita kwa haraka. Cheche zilipigwa marufuku kidogo kidogo, mitambo ya taa ikashika mahali pake, sauti zikawa safi zaidi na umbali ukazidi. Desturi moja tu ya zama hizo nataka kuisimamia. Katika kila chumba cha simu melini palikuwa na saa ya ukutani ambayo uso wake umepakwa vipande vyekundu, kuanzia dakika ya 15 hadi ya 18, na kuanzia dakika ya 45 hadi ya 48. Muda huo ulipofika, mara mbili kila saa, usiku na mchana, katika bahari zote, kila mpiga simu alipaswa kuondoa mkono wake juu ya kibonyezo na kusikiliza wimbi la hatari; mwenye salamu ya mfalme na mwenye bei ya karafuu walinyamaza sawasawa, ili mnyonge mwenye mitambo dhaifu, kama yuko mahali anazama, apate kusikika. Nimeyasoma maazimio mengi ya mikutano ya mataifa, na sijaona lililotimizwa kwa uaminifu na kwa muda mrefu kama dakika 3 hizo za kunyamaza.

Nafika sasa kwenye meli ambayo Afrika ya Mashariki ingepaswa kuikumbuka zaidi ya inavyoikumbuka. Tilawa, ya kampuni ya British India, iliyoundwa mwaka 1924 na yenye ukubwa wa tani 10,000, iliondoka Bombay tarehe 20 Novemba 1942 kuja Mombasa, kisha iteremke Lourenço Marques na Durban, ikiwa na watu 958. Wengi wa abiria walikuwa Wahindi wenye jamaa na biashara katika bara hili, watu wa aina ile ile ya waliofungua maduka katika mitaa ya Dar es Salaam, wanawake na watoto wakiwafuata waume na baba zao. Usiku wa kuamkia tarehe 23, mbali sana kaskazini mashariki ya Shelisheli, nyambizi ya Kijapani I-29 iliipiga. Watu wakakimbilia mashua kwa fazaa kubwa. Meli haikuzama mara moja, na baadhi ya walioiacha wakadhani yafaa kuirudia. Ndipo ikapigwa mara ya pili.

Afisa wa kwanza wa simu ya upepo aliitwa E. B. Duncan. Siku hizo meli iliyoshambuliwa na nyambizi ilitanguliza herufi S mara nne, kisha jina lake na mahali ilipo. Duncan alibaki chumbani mwake akipeleka ishara, akazama na meli. Watu 280 walikufa. Siku mbili baadaye, tarehe 25, manowari Birmingham ilizifikia mashua na kuwatoa karibu wote katika watu 678 waliosalimika, ikawarudisha Bombay. Meli izamayo kimya katikati ya Bahari ya Hindi haitafutwi mpaka siku yake ya kufika bandarini ipite, na mashua iliyojaa watoto haina siku nyingi juani bila ya maji. Mwenye kutaka kujua ishara moja ina thamani gani na azitafakari siku mbili hizo.

Ndani ya Tilawa palikuwa pia na shehena ya fedha, vipande 2,364, iliyokuwa ikipelekwa Afrika ya Kusini. Mwaka 2017 fedha hiyo ilitolewa chini ya bahari, shauri likaenda mahakamani, likapanda hadi Mahakama ya Juu ya Uingereza, iliyotoa hukumu mwaka 2024; na kwa ajili hiyo jina la Tilawa likaandikwa tena magazetini. Nasema kwa uchungu kwamba fedha ilipata mawakili wengi, na yule aliyekaa chumbani mpaka maji yakamfika hatajwi hata katika vitabu vya shule za miji alikokuwa akiwaleta abiria wake.

Tarehe 12 Februari 1944 meli nyingine, Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo katika msafara wenye ulinzi, ilipigwa na nyambizi I-27 karibu na Maldivi, ikazama kwa dakika chache mno. Walikufa watu 1,297, na wengi wao walikuwa askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika ya Mashariki. Hapo simu haikupata wasaa, na manowari za ulinzi ziliyaona yote kwa macho. Naitaja kwa sababu familia za askari hao zipo katika nchi zetu, na kwa sababu yatupasa kukiri mpaka wa kila ufundi.

Mtauliza: Mwafrika alikuwa wapi katika habari hii? Alikuwa chini kwenye tanuri akitia makaa, alikuwa sitahani, alikuwa gatini akibeba. Kiti cha simu alikikalia mgeni, kwa kuwa aliyeketi pale alisikia mambo ya serikali kabla ya serikali yenyewe. Mlango ulifunguka baada ya uhuru, kwa kampuni ya meli iliyoundwa mwaka 1966 na Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia, na kwa ile tuliyoshirikiana na China. Na Shirika la Posta na Simu la Afrika ya Mashariki, mpaka Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, lilikuwa na wasikilizaji wa kwetu waliokesha.

Tarehe 1 Februari 1999 mfumo mpya wa dunia wa usalama baharini, utumiao setilaiti na mitambo ijilizayo yenyewe, ulichukua mahali pa Morse, na meli hazikulazimika tena kuwa na mpiga simu. Siombolezi mabadiliko hayo. Mtambo haulali, na hilo Cyril Evans angelishukuru. Lakini mvuvi atokaye Feri alfajiri kwa ngalawa au mashua hana setilaiti. Ana simu ya mkononi, nayo, ikiwa mtandao unafika, humwita mtu mmoja ambaye namba yake imo ndani, naye huenda amelala, au simu yake imezimika chaji. Ishara ya zamani haikumwita mtu kwa jina. Ilimwita yeyote asikiaye, na sheria ya mataifa ikamlazimisha huyo yeyote kuitika. Chombo cha kufanya hivyo kipo hata leo, redio ndogo ya VHF yenye chaneli ya 16, ambayo meli na kituo cha uokozi cha hapa Dar es Salaam huisikiliza, na Chuo cha Bahari chetu kinafundisha matumizi yake. Kwa mnasaba huo naiweka mbele ya wakubwa waliohudhuria rai hii: kodi ya redio hizo ifutwe kwa vyombo vya uvuvi, na leseni ya chombo iambatane na mafunzo ya siku moja ya kuitumia.

Na kwenu ninyi wakaazi wa Buguruni, Ilala, Vingunguti na Kariakoo, nina ombi. Wako hapa watoto na wajukuu wa watu waliofanya kazi bandarini, katika Posta na Simu, na melini. Mwenye kitabu cha ubaharia cha babu yake, cheti cha mafunzo ya Morse, barua au picha ya kituo cha simu, asiiache iliwe na mchwa. Meza imewekwa mlangoni, upande wa kulia. Vijana wawili wa idara yetu wataandika majina na habari mtakazowapa, na kila karatasi itanakiliwa mbele ya mwenyewe na kurudishwa mkononi mwake usiku huu huu.